Ngano haijanyeshewa lakini unga unanata: jeni za amilesi ziko kromosomu ipi hasa?

#1 Mkulima_Ngarenairobi
Wakuu salaam. Niko West Kilimanjaro huku Ngarenairobi, tunalima ngano shamba la familia. Msimu uliopita tumevuna ngano kavu, mvua haikugusa suke, nimesimama nyuma ya kombaini naona punje zinamwagika kwenye tela ngumu, ukiuma moja inapasuka kwa sauti. Tukapeleka kinu kimoja mjini wakachukua sampuli wakapima, wakatuambia amilesi, kile kimeng'enya kinachokata wanga, iko juu sana hii haifai mkate labda chakula cha mifugo, bei ikashuka hapo hapo. Nikarudi na gunia moja nikasaga, mama watoto akakanda: donge linanata vidoleni hata ukiongeza unga, na mkate ukiukata kisu kinatoka na utando wa ute ilhali ganda limeshaiva vizuri.

Sasa mtoto wa dada yangu yuko chuo ananiambia mjomba hiyo amilesi jeni zake zinajulikana, ziko kromosomu ya 6 na ya 7, walishazichora kwenye ramani zamani. Swali langu, kama wanajua zilipo kwa nini wasitupe mbegu isiyo na hizo jeni tukapumzika? Na walijuaje jeni iko kromosomu ya ngapi enzi hizo hakuna mashine za kusoma DNA? Mwenye kujua anieleweshe taratibu, mi si mtu wa maabara.

#2 Kijana_wa_Himo
Naweka kiti hapa. Uzi wa maana huu.

#3 Binti_Tengeru
Pole kaka. Nimefanya kazi maabara ya mbegu kwa hiyo nianzie kwenye kromosomu. Ngano ya mkate ina kromosomu 42 yani jozi 21. Hizo jozi zimetoka kwa majani matatu ya porini yaliyopandana zamani, ndio maana wanaziandika A, B na D, kila upande umeleta jozi 7. Ya A ni Triticum urartu, ya D ni Aegilops tauschii, ya B ni ndugu wa Aegilops speltoides ila mwenyewe hasa hajapatikana mpaka leo. Kwa hiyo ukisikia kromosomu ya 6 ujue ziko tatu, 6A, 6B na 6D, wanaziita kundi la 6, na zimebeba jeni zinazofanana sana. Ngano ya tambi, ile durum, haina D, inaishia 28.

Kila kromosomu ina mikono miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi. Alpha-amilesi, aina ya amilesi inayokusumbua, makao yake makubwa ni mawili: mikono mirefu ya 6A, 6B, 6D (wanaita α-Amy-1) na mikono mirefu ya 7A, 7B, 7D (α-Amy-2). Na kila makao sio jeni moja, ni kundi la jeni zimekaa pamoja. Ukitaka kuzitoa zote unazungumzia jeni nyingi kwenye kromosomu sita, na ukifanikiwa mbegu yako haitaota vizuri, maana amilesi ndio inayovunja wanga kuwa sukari mche ule kabla haujatoa majani. Unaihitaji kaka, ila kwa wakati wake.

#4 Mwokaji_Kaloleni
Naoka mikate Arusha mwaka wa ngapi sijui, niseme tofauti kidogo na dada hapo #3. Kunata sio lazima amilesi. Kuna ngano nyingi duniani zina kipande cha rai (nafaka ndugu wa ngano) ndani yake, mkono mfupi wa kromosomu 1 ya rai umeungwa kwenye mkono mrefu wa 1B ya ngano, wanaandika 1BL/1RS. Walikileta kwa sababu kina jeni za kinga ya magonjwa ya kutu, Sr31 ya kutu ya shina, Lr26 ya majani, Yr9 ya kutu ya njano. Lakini kinakuja na protini za rai, na donge la ngano ya namna hiyo linanata hata kama punje haijaota kabisa. Halafu hiyo Sr31 yenyewe ikaja kuvunjwa na kutu ya Ug99 iliyoonekana Uganda 1998. Uliza mbegu yako ina hicho kipande au haina kabla hujailaumu amilesi.

#5 Mkulima_Ngarenairobi
Asante dada, asante mwokaji. Mbegu nilichukua kwa jirani, yeye alisema ilitoka ng'ambo ya mpaka Kenya. Jina halijui.

#6 Dalali_Mbuyuni
Hahaha Mangi unalima ngano isiyo na jina halafu unakuja kuuliza kromosomu! Karibu Mbuyuni tukuuzie mbegu yenye lebo.

#7 Mwl_Mstaafu_Moshi
Nijibu lile swali la pili maana naona linarukwa na mimi nalipenda sana.

Aliyefungua njia ni Ernest Sears, Mmarekani, alikaa Chuo Kikuu cha Missouri kuanzia miaka ya 1930. Alichukua ngano moja ya asili ya China inaitwa Chinese Spring, ngano ambayo kwa mkulima haina maajabu yoyote, akaanza kukusanya mimea iliyozaliwa na kasoro ya kromosomu: huu umepungukiwa moja, huu umekosa jozi nzima, huu una ziada. Mwaka 1954 alichapisha seti yake yote, kila kromosomu kati ya zile 21 ana mmea uliopungukiwa hiyo. Baadaye akatengeneza mimea ambayo jozi moja haipo kabisa, tuseme 6B, lakini ndugu yake 6D yupo mara nne badala ya mara mbili ili kufidia. Na mingine imebaki na mkono mmoja tu wa kromosomu fulani.

Sasa ukiwa na hiyo seti huhitaji kusoma DNA. Unaotesha punje za kila mmea, unatoa maji yake, unapitisha kwenye jeli yenye umeme ili protini zitengane, unapaka rangi ya kuonyesha kimeng'enya. Kwenye Chinese Spring ya kawaida unaona mistari kadhaa, kila mmoja ni umbo moja la kimeng'enya. Ukifika kwenye mmea usio na 6B mstari mmoja haupo. Ukifika kwenye mmea wenye mkono mrefu tu wa 6B mstari umerudi. Basi jeni iko 6B mkono mrefu. Wajapani, Nishikawa na mwenzake, walifanya hivyo kwa amilesi mwaka 1971, na kikundi cha Mike Gale kule Cambridge kikaendelea nayo miaka ya 80.

#8 Kijana_wa_Himo
Mwalimu shikamoo. Hapo sijaelewa, unawezaje kuondoa jozi nzima ya kromosomu na mmea ukaishi? Binadamu akipungukiwa moja tu mimba nyingi hazifiki.

#9 Mwl_Mstaafu_Moshi
Marahaba. Ni kwa sababu ya alichosema Binti Tengeru #3. Ngano ina A, B na D, ukiondoa 6B kazi nyingi zinabebwa na 6A na 6D. Mmea unakuwa dhaifu, mfupi, wakati mwingine hauzai mbegu, lakini unasimama. Shayiri haina huo ubavu, yenyewe ina kromosomu 14 tu, jozi 7, ukitoa jozi umeua.

#10 Binti_Tengeru
Na ndio maana kwa shayiri walifanya kinyume chake, walichukua kromosomu ya shayiri wakaipandikiza ndani ya ngano moja moja. Islam na Shepherd kule Adelaide Australia walitoa seti hiyo kwa kupandanisha Chinese Spring na shayiri inayoitwa Betzes, ilikamilika kuchapishwa 1981 ingawa jozi ya 5 ya zamani (leo 1H) ilisumbua. Hapo badala ya kutafuta mstari uliopotea unatafuta mstari mgeni uliozuka. Alpha-amilesi za shayiri zikaangukia 6H na 7H (H ni alama ya shayiri), zile zile 6 na 7 za ngano! Beta-amilesi yake, amilesi ya aina nyingine, ikaangukia 4H. Mara ya kwanza kuliona hilo nilifurahi sana, yani majani mawili yaliyoachana mamilioni ya miaka bado yameweka kitu kile kile kwenye namba ile ile.

#11 Fundi_Jeli
Naomba niingie maana hiyo jeli nimeikanda kwa mikono yangu. Mnasema "unapaka rangi" kirahisi. Kwa amilesi unafanya hivi: unaotesha punje kwenye karatasi yenye maji siku chache, unakata nusu isiyo na kiini (ile yenye kiini unaipanda, mmea wako haupotei), unaiponda kwenye bafa ya baridi, unaizungusha, unachukua maji ya juu. Ukimaliza kuendesha umeme unalaza juu yake jeli nyingine yenye wanga uliokwisha kukatwa na beta-amilesi, unaacha kwenye joto, halafu unamwaga iodini. Jeli yote inageuka rangi nzito halafu polepole pale alpha-amilesi ilipokaa panabaki peupe. Mistari myeupe kwenye giza. Ukichelewa kupiga picha imefifia. ADH, kimeng'enya kingine kinachoshughulikia pombe, ni tofauti, yenyewe unaipa pombe na chumvi ya tetrazoliamu, inajichora zambarau yenyewe.

Sasa shida. Ngano ina mistari ya amilesi mingi na mingine inapandana. Jeni ya 6A na ya 6D zikitoa protini zinazokimbia mwendo mmoja, ukiondoa 6A mstari haupotei, unapungua tu unene. Utaapa haiko 6A kumbe ipo. Ndio maana watu walihamia kwenye jeli za kutenganisha kwa asidi na alkali, hizo zinachana mistari vizuri zaidi.

#12 Mpinga_Hoja
Aisee mnaenda kasi. Mi nina swali kwa mwalimu #7. Mstari ukipotea ukiondoa 6B ina maana gani hasa? Inaweza ikawa jeni ya kimeng'enya iko 6B. Inaweza pia ikawa kimeng'enya kinatengenezwa kwingine kabisa na 6B imebeba kitu kinachokiamrisha. Taa imezimika, umejuaje ulichong'oa ni balbu na sio swichi?

#13 Mwl_Mstaafu_Moshi
Swali zuri na watu walilijibu. Gary Hart mwaka 1970 alichapisha kuhusu ADH ya ngano, jeni zake ziko kundi la 4, moja A, moja B, moja D. Kimeng'enya hicho ni vipande viwili vimeshikana, kwa hiyo kipande cha jeni moja kikishikana na cha jeni nyingine unaona mstari wa katikati. Ukiongeza au kupunguza kromosomu mistari inabadilika unene kwa uwiano wa idadi ya jeni. Swichi haifanyi hivyo, swichi ingezima vyote au kuwasha vyote.

Njia ya pili, unachukua aina nyingine ya ngano ambayo mstari wake unakimbia mahali tofauti, unaingiza kromosomu yake moja ndani ya Chinese Spring. Mstari ukihamia mahali pa mgeni basi hiyo kromosomu ndiyo imebeba maelezo ya protini yenyewe.

#14 Mpinga_Hoja
Kwa ADH nakubali. Kwa amilesi bado. Kumbuka amilesi inaamshwa na jiberelini, homoni ya mmea inayotoka kwenye kiini, kwa hiyo kuna ngazi kadhaa kati ya jeni na mstari. Na shida ya Mkulima sio kwamba ana amilesi, kila ngano inayo, shida imewaka wakati usio wake. Hapo ramani ya balbu haimsaidii, anahitaji ramani ya swichi.

#15 Mama_Monduli_Juu
Nawasalimu nyote. Mimi nalima Monduli ngano na shayiri. Ndugu Mkulima usidanganyike na kutokuwepo kwa mvua. Huku kwetu Julai ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi, suke linalowa, jua likitoka linakauka, kesho tena. Punje inaanza kuota bila wewe kuona mzizi. Chukua punje mia ziangalie upande wa kiini kwa kioo cha kukuzia, utaona ngozi imepasuka kidogo kwenye baadhi. Hiyo ni kuota kabla ya kuvuna, basi. Na ngano nyeupe zinaongoza kwa hilo, nyekundu inalala zaidi.

#16 Binti_Tengeru
Mama hapo kwenye nyekundu uko sahihi, jeni za rangi ya punje ziko mikono mirefu ya kundi la 3 na zinaendana na usingizi wa mbegu. Kuna nyingine za usingizi 3A na 4A. Zote hizo sio jeni za amilesi, nikiunga mkono #14.

Ila kuna kitu cha tatu. Kuna ngano ambazo zinatengeneza alpha-amilesi wakati punje inakaribia kukomaa, hakuna mvua hakuna kuota, wanaita amilesi ya ukomavu wa mwisho, LMA. Inaamshwa hasa na baridi ya ghafla karibu wiki nne hivi baada ya maua. Na mimea hiyo inatumia amilesi za kromosomu 6, lakini kinachoiruhusu kutokea, eneo kubwa lililopatikana, liko 7B. Balbu kwenye 6, swichi kwenye 7, Mpinga Hoja umefurahi?

#17 Mpinga_Hoja
Sana 😄

#18 Mkulima_Ngarenairobi
Hiyo ya baridi imenishtua. Mwezi wa saba huku usiku tunalala na blanketi mbili, na maua ya ngano yangu yalikuwa mwezi wa sita. Punje zangu ni nyeupe mama #15. Nimeangalia kwa kioo cha mtoto, nyingi ziko nzima, chache zina kiini kilichotuna, siwezi kusema ni kuota au maumbile. Na karatasi ya kinu nimeipata, kipimo cha Hagberg wameandika 140.

#19 Mwl_Mstaafu_Moshi
140 ni chini. Kwa wasiojua, Hagberg wanachanganya unga na maji kwenye mrija ndani ya maji yanayochemka, wanakoroga, halafu wanahesabu sekunde chuma kinashuka kwenye uji. Amilesi ikiwa nyingi uji unakuwa mwepesi chuma kinazama haraka. Waokaji wengi wanataka 250 kwenda juu.

Kwa hiyo ndugu Mwokaji #4, kipande cha rai peke yake hakielezi 140. Kunata kwa rai ni protini, Hagberg inapima wanga unavyokatwa.

#20 Mwokaji_Kaloleni
Mwalimu nakuheshimu ila kwani ni lazima kiwe kitu kimoja? Inaweza kuwa vyote viwili. Ngano nyingi zilizotoka kwenye ukoo wa mbegu unaoitwa Veery zina hiyo 1BL/1RS na zilienea sana Afrika Mashariki. Na kujua sio kazi, hata kwa zile jeli za kizamani, kimeng'enya cha GPI jeni yake iko mikono mifupi ya kundi la 1, ya rai nayo iko 1RS hapo hapo. Ukiona mstari wa GPI ya rai ndani ya punje ya ngano kipande kipo. Mimi donge la Hagberg ndogo nalijua, linalegea na kutoa maji kadiri linavyokaa. Donge la rai linanata toka dakika ya kwanza. Mkulima lako lilinata lini?

#21 Mkulima_Ngarenairobi
Mama watoto anasema lilinata toka anaanza kukanda na likazidi kulegea kadiri linavyokaa.

#22 Dalali_Mbuyuni
Sasa mmemchanganya kabisa mzee wa watu, kapata dalili zote.
Mi niongee cha sokoni. Hiyo kombaini ni yako au ya kukodi? Kama ya kukodi ilitoka shamba la nani kabla ya kwako? Nimeona gunia zuri linaharibika kwa sababu tela lilibeba ngano iliyoota ya mtu mwingine na mabaki yakachanganyika. Punje chache zilizoota zinatosha kushusha hiyo Hagberg yenu, maana amilesi kidogo inakata wanga mwingi.

#23 Mama_Monduli_Juu
Hilo la Dalali ni kweli kabisa, limetupata na shayiri mwaka fulani.

#24 Meku_Kibosho
Wanangu nimesoma yote. Niulize la kwetu. Kimea cha ulezi tunachoweka kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ndio amilesi hiyo hiyo? Na ulezi nao mmeshajua jeni iko kromosomu ya ngapi? Maana ulezi ukiwa haujaota vizuri mbege haikolei, wazee wanajua.

#25 Kijana_wa_Himo
Hapo ndo uzi umefika nyumbani 😂 Shikamoo Meku.

#26 Fundi_Jeli
Shikamoo mzee. Ndio, ulezi ukiota unatengeneza alpha-amilesi, familia ile ile ya kimeng'enya. Ulezi una kromosomu 36, nao ni mchanganyiko wa majani mawili, A na B, na upande wa A umetokana na Eleusine indica, lile gugu gumu la pembeni ya njia linalong'oka kwa shida. Ila tofauti na ngano na shayiri ni beta-amilesi. Shayiri na ngano zinaihifadhi ndani ya punje tangu zikomae, ulezi, mtama na mpunga zinaitengeneza zikianza kuota na huwa kidogo. Kwa hiyo kimea cha ulezi kinalainisha uji vizuri lakini sukari ya moltosi inakuja pungufu ukilinganisha na shayiri. Kwenye mbege sukari nyingi inatoka kwenye ndizi.

#27 Mpinga_Hoja
Fundi subiri, unga wa kimea si unapikwa uji kwanza ndio unachanganywa na maji ya ndizi? Ukichemka kimeng'enya kimekufa. Sasa kinafanya kazi saa ngapi?

#28 Fundi_Jeli
Wakati uji unapanda joto. Alpha-amilesi ya nafaka inavumilia mpaka karibu nyuzi 70, na wanga nao unaanza kufunguka huko huko kwenye 60 na kitu. Hapo katikati inakata haraka sana. Ikifika kuchemka kazi imeshafanyika.

#29 Meku_Kibosho
Hapana mwanangu, kwetu mke wangu anabakiza unga kidogo mbichi anaumwagia mwishoni ukiwa umepoa. Bila huo haichachuki vizuri.

#30 Binti_Tengeru
Meku huo unga mbichi unaweza ukawa unaleta chachu na bakteria wa kwenye kimea zaidi ya amilesi. Au vyote. Ingependeza mtu apike vyungu viwili, kimoja na unga wa mwisho kimoja bila, ndizi za mkungu mmoja.

#31 Mwokaji_Kaloleni
Nitakuja kuonja vyote viwili kwa niaba ya sayansi.

#32 Mwanafunzi_Usa
Samahani narudisha nyuma. Kwenye kitabu cha zamani nimekuta beta-amilesi ya ngano iko 4A, kwingine 4B, na nyingine 5A. Na jeni ya wanga wa waksi, ambayo ni kimeng'enya cha kutengeneza amilosi (sehemu moja ya wanga), iko 7A na 7D lakini ya B iko 4A! Kama makundi yanafanana kama #10 alivyosema kwa furaha, mbona hizi zimetawanyika? Au walikosea?

#33 Mwl_Mstaafu_Moshi
Uko macho kijana. Yako mambo mawili tofauti hapo. La kwanza ni majina: 4A na 4B za zamani zilibadilishana majina kwenye mkutano wa wanajenetiki wa ngano Cambridge 1988, baada ya kuonekana ile waliyoiita 4A inafaa zaidi upande wa B. Kwa hiyo kitabu cha kabla ya hapo ukisoma 4A geuza iwe 4B.

La pili ni kweli vipande vimehama. Kromosomu 4A ya ngano imepigwa sana: mwisho wa mkono wake mrefu ulibadilishana na wa 5A, huo ni wa zamani sana maana hata ngano za jozi 7 zinao, halafu baadaye ngano ilipokuwa imeshaunganisha A na B, kipande cha mkono mfupi wa 7B kikahamia 4A. Ndio maana beta-amilesi ya A iko 5A, na jeni ya waksi ya B iko 4A. Naranjo na wenzake 1987 waliona kwa darubini mikono hiyo inavyoshikana.

#34 Mwanafunzi_Usa
Asante mwalimu. Sasa nimeelewa kwa nini wanasisitiza mkono na sio kromosomu tu.

#35 Binti_Tengeru
Niongeze jambo ambalo mimi ndilo linanifanya niheshimu hizo jeli. Mpunga una jeni ya alpha-amilesi kromosomu ya 2 na nyingine ya 6. Ukipanga ramani ya mpunga sambamba na ngano, kromosomu 2 ya mpunga inalala na kundi la 6 la ngano, na ya 6 ya mpunga inalala na kundi la 7. Yani α-Amy-1 na α-Amy-2 zilikuwa zimeshaachana kabla ngano na mpunga hazijaachana. Mwaka 1995 Moore, Devos, Wang na Gale walipanga nafaka kadhaa kwenye duara moja kwa mantiki hiyo. Na ilipokuja kusomwa DNA yote ya Chinese Spring, 2018, jeni zaidi ya 107,000, zile jeni za amilesi zikakutwa pale pale kwenye 6 na 7. Watu waliziweka pale kwa iodini na macho.

#36 Mpinga_Hoja
Hilo napongeza kwa moyo wote. Ila turudi kwa Mkulima, bado hamjamjibu.

#37 Fundi_Jeli
Jeli inaweza kusaidia. Punje zako nzima zisizooteshwa ziendeshwe kwenye jeli. Ikionekana mistari ya kundi la 6 tu, bila ya kundi la 7, nasimama na LMA. Ikionekana yote ni kuota, Mama Monduli kashinda.

#38 Mpinga_Hoja
Sio rahisi hivyo. Punje ikianza kuota za 6 ndizo zinatangulia na kutawala, za 7 zinafuata baadaye. Kuota kwa siku moja ya ukungu kutaonekana sawasawa na LMA kwenye jeli yako.

#39 Fundi_Jeli
Basi usiponde punje kumi pamoja, ponda moja moja. Kuota kunagonga punje kadhaa kwa ukali na nyingine ziko safi. LMA inasambaa punje nzima, haianzii upande wa kiini.

#40 Dalali_Mbuyuni
Na mabaki ya kombaini nayo yatagonga punje kadhaa kwa ukali na nyingine safi. Sijaondoka.

#41 Mama_Monduli_Juu
Baba Ngarenairobi, msimu ujao vuna kipande kwa mkono mapema punje ikiwa bado na unyevu kidogo, kaushia ndani kwenye turubai, mpelekee huyo kijana wa jeli pamoja na ile ya kombaini. Na peleka suke zima kituo cha utafiti wa kilimo Selian pale Arusha wakuambie ni aina gani, wale ndio wa ngano.

#42 Mkulima_Ngarenairobi
Nitafanya mama. Kombaini ilikuwa ya kukodi Dalali, ilitoka shamba la chini, wao walipata manyunyu. Nimempigia jirani kuhusu mbegu anasema gunia lilikuwa na maandishi lakini mke wake ameshalikata anaanikia maharage.

#43 Mwokaji_Kaloleni
Mwambie asilifue, apige picha alete hapa. Kama ni ukoo wa Veery nitawaambia.